Kivuli cha Wageni

Dafrosa alikuwa amepiga magoti anawafuta ndege vumbi. Walikuwa ndege wa bluu, wamechorwa kwenye kuta za plastiki za banda, mabawa wazi, na vumbi jekundu la Mpanda halikuwaonea haya. Kila asubuhi alichukua ufunguo kwa mtendaji wa mtaa, akafungua kufuli, akafagia sakafu ya mbao ambayo jana yake haikukanyagwa na mtu, akawafuta ndege, akafunga, akarudisha ufunguo, halafu ndiyo akaenda sokoni kuuza dagaa wake wa Karema. Kazi hiyo iliitwa kujitolea, neno linalopendwa sana na watu wanaolipwa.

Banda lilisimama kwenye uwanja wa Mtaa wa Mikaratusi, ng'ambo tu ya nyumba aliyopanga chumba. Lilikuwa na nguzo za chuma za kukunja, paa la turubai jeupe lililokazwa kwa kamba, na maandishi makubwa mbele: BANDA LA UTANGAMANO. Halikuwa na msingi wala saruji. Vijana wa shirika walilileta kwa lori wakalisimamisha kwa siku moja, na walijivunia kwamba wangeweza kulikunja kwa siku moja vilevile. Walisema ni jengo la muda, la kuwasaidia wakimbizi na wenyeji wa mjini wakae pamoja, wazoeane, wawe jamii moja. Waliposema hivyo walikuwa wanatabasamu, na siku hiyo watu wa mtaa nao walitabasamu.

Wakimbizi wenyewe walikuwa kina Dafrosa. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi, mama yake akiwa amevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Uraia walishapewa zamani, kwa sherehe na hotuba, na Dafrosa alishapanga foleni ya kupiga kura mpaka akaizoea. Lakini mradi ulikuwa wa wakimbizi, na mradi wa wakimbizi hauwezi kukosa wakimbizi. Basi kwa ajili ya mradi wakarudishwa ukimbizini, wakiwa palepale Mpanda, bila mtu kuwauliza.

Waliulizwa jambo moja tu, kabla ya ujenzi: mnataka banda liwasaidie nini? Wakagawiwa penseli za rangi wachore ndoto zao. Wanawake wote, wa kutoka Katumba na wenyeji, walisema kitu kilekile bila kupanga: turubai la msiba na sufuria kubwa. Mjini hapa unajulikana kuwa ni mtu wa mtaa siku ukifiwa. Wakija wakakaa kwako, wewe ni wao. Nyamizi, jirani wa ukuta mmoja na Dafrosa, ambaye baba yake alihamia Katavi na ng'ombe kutoka Usukumani, alichora sufuria lililopinda kwa sababu hakuwahi kuchora kitu maishani. Shirika likaleta ndege. Sufuria la Nyamizi likatiwa kwenye fremu, likatundikwa ndani ya banda, likaitwa sanaa.

Leo wageni walikuwa wanakuja, wafadhili wenyewe, kuona jinsi watu walivyotangamana. Ndiyo maana viti vya plastiki vilikuwa vimefungwa utepe, meza kuu ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na spika mbili kubwa zilishaanza kupiga Bongo Fleva asubuhi yote hiyo.

Nyamizi alikuja anavuka uwanja bila kandambili miguuni.

"Mama Angela," aliita. Mtaani wote walimwita hivyo, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma bweni huko Inyonga. "Acha hiyo kazi."

"Namalizia hapa mlangoni. Mtendaji kasema wageni wakigusa kuta wasichafuke mikono."

"Acha, nimekwambia. Bibi ametuacha."

Dafrosa alimalizia ndege aliyekuwa anamfuta. Hakujua kwa nini. Alimfuta mpaka mkiani, akakunja kitambaa, akakiweka juu ya ndoo, ndipo miguu ikakumbuka njia ya nyumbani.

Bibi Mariana, mama yake Dafrosa, alikuwa amelala chali, mdogo kuliko jana. Nyamizi alishamfunga taya kwa kipande cha khanga na kumnyoosha mikono. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hakuna aliyeshangaa, lakini chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo Dafrosa hakuwahi kuisikia. Alikaa pembeni ya kitanda akamshika mguu. Wiki iliyopita tu mguu huohuo ulikuwa ukimpiga teke anapomwosha, na mama yake anamfokea kwamba maji ni ya baridi.

Wiki hiyohiyo alikuwa amesema neno. Celestin, mdogo wake Dafrosa, alikuwepo, amekuja na unga wa mihogo kutoka Katumba. Bibi Mariana alisema: "Nilihamishwa Burundi. Nikahamishwa tena nikaletwa porini, tukafyeka. Halafu wakasema Katumba nayo tuiache tupelekwe mikoa mingine, wakaghairi. Nimechoka kupakiwa. Nikifa msinipakie. Mnizike hapa nilipolala." Celestin alicheka, akasema mama bado yupo sana.

Sasa alikuwa kwenye simu na hacheki.

"Dada, natafuta gari. Tunakuja kumchukua."

"Hachukuliwi. Anazikwa huku."

"Huku wapi?"

"Mpanda. Alisema mbele yako."

Nyuma ya Celestin kulikuwa na mlio wa randa. Alikuwa fundi seremala, na vijana wa karakana yake walishaanza kuranda mbao. "Dada, sikiliza. Huko mjini nani atakuja? Mtakaa wewe na huyo Msukuma wako mnatazamana. Huku kwetu watu watajaa mpaka barabarani. Unataka mama azikwe na watu wanne?"

Hilo ndilo lililomtisha Dafrosa na yeye. Tangu ahamie mjini hakuna mtu wa Katumba aliyezikwa Mikaratusi. Waliishi hapa, wakauza hapa, wakasomesha hapa, na mtu akikata roho wanampakia alfajiri kumrudisha kwenye makazi. Wenyeji walizoea kuona godoro limetolewa nje na mlango umefungwa.

"Tengeneza jeneza," alisema mwishowe. "Ukimaliza, lilete. Ukifika ukakuta hakuna watu, mpakie umpeleke. Sitakuzuia."

"Sawa, dada. Lakini mimi sitamzika mama kimyakimya. Nakwambia kabisa."

Basi ilibidi wapatikane watu, na watu hawakai msibani kwenye jua la Septemba bila kivuli. Wazee wa mtaa wangekuja kutoa pole, wakasimama kidogo, wakaondoka, na hakuna ambaye angewalaumu. Dafrosa alijifunga khanga kiunoni akaenda kwa mzee Gaspar.

Mzee Gaspar alikuwa mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana, Mpimbwe wa Majimoto aliyestaafu reli, mtu wa kanisa, mkavu. Alikuwa anakunywa chai uani. Alisimama aliposikia, akavua kofia, akasema pole kama inavyotakiwa. Kisha Dafrosa akaomba turubai la chama, na mzee akaivaa kofia tena.

"Mama Angela, ulipohamia hapa nilikuja mwenyewe kukuandikisha. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alikuwa amemcheka kidogo, kwa adabu. "Nilisema sisi tukifa tunarudi kwetu."

"Ulisema hivyo, na wenzako wote walisema hivyohivyo. Tukaelewa. Mnakaa na sisi ila kufa hamtaki kufa na sisi."

"Tulikosea, mzee."

"Mlikosea." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayethibitisha kwamba leo ni Alhamisi. "Turubai na masufuria ni ya wanachama. Nikiyatoa bila kikao, kesho nitakuwa sina chama. Ila kuja kukaa, nitakuja, hilo halina kikao. Na vijana wa kuchimba nitawaambia mimi." Aliangalia upande wa uwanja, ambako paa jeupe lilikuwa linang'aa. "Kwani lile mlijengewa la nini? Si la kukaa watu? Kaombe pale."

Obadia, mtendaji wa mtaa, alikuwa ofisini kwake amevaa suti ambayo mikono yake ilimfunika vidole. Alipomwona Dafrosa mlangoni alinyoosha kiganja kabla hajaamkiwa.

"Ufunguo uko wapi? Umeondoka na banda liko wazi! Kuku wakiingia mle?"

Dafrosa alifungua ncha ya khanga akampa ufunguo. "Mtendaji, nimefiwa na mama."

"Aisee. Pole sana, Mama Angela. Pole. Kazi ya Mungu hiyo." Aliutia ufunguo mfukoni akaupigapiga. "Sasa wale kina mama wa ngoma, umewaambia wavae vitenge vinavyofanana? Maana wewe ndiye unayewaongoza."

"Nimekuja kuomba banda. Watu wakae, mpaka tuzike jioni."

Obadia alimtazama kama aliyeombwa suti. "Banda? Leo? Mama, pale pamepambwa."

"Hata wakikaa upande mmoja tu. Wengi wazee."

"Sikiliza nikueleweshe. Lile ni banda la furaha. Msiba ni huzuni. Ukichanganya, unaharibu. Tena kwenye mradi msiba haumo kabisa. Kuna mazungumzo, kuna michezo, kuna sanaa. Nimeusoma wote."

"Utangamano si pamoja na kuzikana?"

"Siyo kwa mujibu wa mradi." Alishusha sauti, akawa mtu mwema. "Nakushauri kama ndugu yako. Mfungie ndani mpaka wageni waondoke, msiba uanze jioni, kesho mzike vizuri. Au mpelekeni tu kwenu leo."

"Kwetu wapi?"

"Si Katumba!"

Dafrosa alimwangalia yule mtu, na suti yake, na mfuko wenye ufunguo. Mwanamke amefyeka pori, amezaa, amepewa uraia, amekufa, na bado anaulizwa anaenda lini. Alitoka nje akatema mate kwenye maua ya ofisi, akaenda kwa mamaye.

Alipofika uani alikuta watu.

Hakuna aliyewaita. Nyamizi alikuwa amelia mara moja tu mlangoni, kwa sauti, kama inavyopaswa, na mtaa ulisikia. Wauza dagaa walikuja na harufu zao, wamefunika meza sokoni. Kina mama wa ngoma walikuja, na hakuna aliyevaa kitenge cha kufanana. Bodaboda wa kijiweni walikuja wakasimama ukutani. Mzee Gaspar alikuja na kigoda chake mwenyewe. Mwanamke mmoja Mfipa, ambaye Dafrosa hakuwahi hata kusalimiana naye vizuri, alikuja na kuni kichwani, akazitua, akauliza moto unawashwa wapi.

Kivuli ndicho hakikuwepo. Nyamizi alifunga khanga zake na magunia mawili kati ya bati na mpapai, kikapatikana kivuli cha kufunika mkeka mmoja. Wengine walikaa juani. Jua lilipanda, ukuta ukala kivuli chake wenyewe, wazee wakawa wanasogeza vigoda mpaka pa kusogeza pakaisha. Bibi mmoja aliegemea mwenzake akafumba macho, wakammwagia maji kichwani. Watu wakaanza kuangaliana. Dafrosa alijua maana ya kuangaliana huko, na Celestin alikuwa bado njiani.

Na mbele yao, ng'ambo ya uwanja, banda lilikuwa wazi, jeupe, baridi, viti vimepangwa na utepe umefungwa, tupu. Spika zilikuwa zinapiga wimbo wa mapenzi. Hakuna aliyetumwa kuzima. Hasira ya kufiwa mtu huivumilia, lakini kufiwa huku mtu anakupigia muziki wa kukata kiuno, hapo ndipo watu walipoanza kusonya.

Gari la shirika lilifika, akashuka Jeniffer, afisa mradi, binti wa Dar, miwani ya jua na kitambulisho kifuani. Aliingia ndani ya banda, akatoka. Aliangalia uwanja mtupu. Walimwona anaongea na Obadia, Obadia ananyoosha mkono upande wa msiba, Jeniffer anashika kichwa. Lilikuwa jambo ambalo kila mtoto wa Mpanda analijua, ila halikuwa kwenye mradi: msiba ukiangukia mtaa, sherehe ya mtaa haina watu. Hata ungewapa soda.

Muziki ukazimwa ghafla. Wakaja wote wawili, kwa haraka, Obadia amevua koti.

"Mama, pole sana jamani," alisema Jeniffer, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo, ya kweli. Walimvuta Dafrosa pembeni ya choo. "Nimesikia sasa hivi. Mbona hukusema mapema? Watu waje wakae bandani. Viti vipo, maji ya baridi yapo. Lile ni la kwenu."

Dafrosa alimwangalia Obadia. Obadia alikuwa anatazama mpapai.

"Asante, madam."

"Ila tu, wageni wameshatua uwanja wa ndege. Watakaa muda mfupi sana. Basi kwa huo muda..." Jeniffer alitafuta maneno. "Naomba tu msilie. Kwa huo muda tu. Wakiondoka, endeleeni kama kawaida."

"Tusilie."

"Na hizo khanga za kichwani, kama wanaweza kuzifunga vizuri. Ionekane tu kama... kama jamii imekaa."

Dafrosa aliwatazama wazee juani. Yule bibi aliyemwagiwa maji alikuwa bado amefumba macho. Kama wangeondoka sasa, mama yake angepakiwa. Alisema sawa, na neno hilo lilimchefua kinywani kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo, kwa kuwa hili lilikuwa lake.

Alipowaeleza wenzake, Nyamizi alipiga makofi mara moja, ya mshangao. "Yaani leo tunafiwa kwa kibali."

Lakini walikwenda. Walibeba mikeka na vigoda vyao wakavuka uwanja, mmoja mmoja, uani ukabaki moto, na ndani ya chumba bibi wawili wa kukaa na maiti. Chini ya turubai jeupe kulikuwa na ubaridi mtamu. Wazee walishusha pumzi. Mzee Gaspar alitazama ndege ukutani kwa muda, akauliza ni ndege gani hao, akaambiwa hakuna anayejua.

Wageni walikuja na magari matatu. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye kofia pana, amesafiri kutoka mbali, uso umeiva kwa jua. Alishika watu mikono kwa mikono yake miwili. Kijana wao mwenye kamera alizunguka akipiga picha, anapiga magoti, anapanda kiti. Jeniffer alifafanua kwa lugha yao: hawa wakimbizi, hawa wenyeji. Alipofika kwa Nyamizi alimweka kwa wakimbizi. Nyamizi alifungua mdomo, Dafrosa akamminya paja. Yule mama alisimama mbele ya sufuria lililotiwa fremu, akaweka kiganja kifuani, akalisifu.

Obadia alishika kipaza sauti.

"Ndugu wageni, kabla ya banda hili, watu hawa walikuwa hawakai pamoja. Kila mmoja kwake. Leo mnawaona wenyewe. Sikumwita hata mmoja! Wamekuja wenyewe, kwa upendo."

Watu wakakaa kimya. Ukimya ule ukawapendeza wageni; waliuona ni adabu. Bibi mmoja wa Katumba alikuwa amejiziba mdomo na khanga, mabega yanatikisika, na jirani yake amemkumbatia asisikike. Kijana wa kamera aliwapiga picha hao hasa.

Ndipo Dafrosa akaliona toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, likiingia uani kwake.

Celestin aliruka chini. Nyuma kulikuwa na jeneza limefunikwa mkeka, na vijana wawili wameketi juu yake kulizuia lisiruke. Alisimama katikati ya ua akageuka huku na huku. Moto unafuka. Magunia ya Nyamizi yananing'inia. Hakuna mtu. Kisha akageukia uwanjani, akaona magari, akaona utepe, akaona paa jeupe na mtaa mzima umekaa kwenye viti umetulia mbele ya meza yenye maua. Hata kwa mbali Dafrosa alimwona anatikisa kichwa. Alimwona anamwashiria dereva. Toyo likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kama gari linalokuja kupakia.

Aliinuka amwite. Alifungua mdomo kusema jina lake, na kilichotoka hakikuwa jina.

Kilitoka kirefu, kutoka chini ya mbavu, kilio alichokuwa amekibana tangu kwenye kile kitambaa cha kufutia ndege, na mikono yake ikaenda kichwani yenyewe. "Yoooo, mama we! Mama yangu we!" Yule bibi aliyeziba mdomo akaiachia khanga. Nyamizi akapokea, kwa Kisukuma chake. Kina mama wa ngoma wakapokea. Wauza dagaa, Wafipa, Wabende, wale walioitwa wakimbizi na wale walioitwa wenyeji, kilio kikajaa banda mpaka turubai likatetemeka kwenye kamba zake. Ng'ambo ya uwanja, toyo likasimama.

Wageni walipiga makofi.

Walipiga kwa furaha, wamesimama, yule mama mrefu anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo ambayo hayakuwepo. Kamera ilikuwa mita moja kutoka usoni kwa Dafrosa. Mama yule alimwinamia Jeniffer akauliza kitu.

Uso wa Jeniffer ulikuwa umepauka. "Mama Angela," alisema kwa sauti ndogo, "anauliza wimbo huu unasema nini."

"Mwambie mama yangu amekufa."

Jeniffer alimgeukia mgeni akasema maneno, mafupi, laini. Dafrosa hakuijua lugha ile. Lakini mgeni alitabasamu, tabasamu pana la meno yote, akaweka tena kiganja kifuani, na hakuna mtu duniani anayetabasamu hivyo akiambiwa umefiwa na mama.

Mzee Gaspar alisimama. Alivua kofia akaiweka kwenye kigoda chake, akatoka kivulini kuingia juani, na wanaume wote wakamfuata bila kuitwa, hadi bodaboda. Walivuka uwanja. Walimshika Celestin mikono mmoja mmoja, wakaingia ndani. Kulikuwa na kusubiri, na kilio. Kisha wakatoka na jeneza mabegani, na safari hii lilikuwa na uzito, wakalivusha uwanja polepole moja kwa moja mpaka bandani.

Makofi yalikufa yenyewe.

"Siyo hapa, jamani," Obadia alikuwa anarudi nyuma na kipaza sauti mkononi, sauti yake inasikika mtaa mzima. "Siyo hapa, siyo hapa!"

"Mtendaji," alisema mzee Gaspar, jasho linamtiririka, "ondoa maua."

Hakuyaondoa. Nyamizi aliyakumba kwa mkono mmoja, chupa za maji nazo zikabingirika, na Bibi Mariana akawekwa juu ya meza kuu, kivulini, mbele ya watu waliojaa mpaka nje. Wageni walikuwa wanatoka kwa upande, wameinama, wanashikana mikono. Yule mama mrefu alikuwa wa mwisho. Alilitazama jeneza, akamtazama Jeniffer, akasema neno moja, akatoka. Magari yakawaka.

Celestin alisimama karibu na dada yake, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. "Kumbe watu wapo," alisema, na akaanza kulia na yeye.

Bibi Mariana alizikwa jua likielekea kuzama, makaburini Mikaratusi, na vijana wa kuchimba walikuwa wa mtaa. Hakupakiwa. Walimbeba kwa zamu, kwa miguu.

Kesho yake lori lilikuja kulichukua banda. Lilihitajika mkoa mwingine, kwa maonyesho. Walilikunja kwa siku moja kama walivyoahidi, ndege, fremu na sufuria la Nyamizi, yakabaki matundu ya vigingi na majani yaliyokufa kwa kukosa jua. Hakuna aliyekuja kumwambia Dafrosa kwamba kazi ya kujitolea imekwisha. Aliacha tu kwenda kuchukua ufunguo.

Mwezi haukupita likaletwa bango. Lilikuwa la plastiki nene, refu, likafungwa kwa waya kwenye miti miwili palepale uwanjani. Juu yake alikuwa Dafrosa, mkubwa kuliko mlango wa nyumba, mikono kichwani, mdomo wazi, macho yamefumbwa, na nyuma yake wanawake wenzake wamefungua midomo. Chini iliandikwa: FURAHA YA UTANGAMANO, MPANDA. Watu walipita wakalisoma, wakamwangalia yeye, wakaendelea na njia. Dereva mmoja wa boda alilifunika macho kwa kapelo yake, upepo ukaiangusha.

Dafrosa alilipita kila siku akienda sokoni na beseni la dagaa. Siku ya kikao cha chama cha kuzikana alilipita, akasimama, akatua beseni. Alikata waya kwa kisu cha kufungulia magunia, mchana kweupe, mbele ya ofisi ya mtendaji, akalikunja bango mara nne, akalibeba kichwani mpaka kwa mzee Gaspar.

"Nimekuja kuandikishwa," alisema. "Na mimi kiingilio changu ni hiki."

Mzee Gaspar alilikunjua kidogo, akaliona lile jicho lililofumbwa, akalikunja tena. Aliligusa pembe kwa vidole, akapima unene wake.

"Hili halivuji," alisema.

Halikuvuja. Mvua za kwanza zilipoanza, alifariki yule mwanamke Mfipa aliyeleta kuni, na turubai la chama lilikuwa dogo kwa watu waliokuja. Wakaongeza la pili, bango la Dafrosa, wakalifunga kwenye miti minne uani kwake, upande wa picha wakauelekeza juu. Chini yake watu walikaa wamebanana, na Nyamizi aliita asogezewe sufuria kubwa lisinyeshewe.